Mfuko Nyuma ya Sikio

Katika chumba kile cha ushonaji kulikuwa na cherehani nne, meza moja ya kukatia nguo, pasi mbili na sikio moja. Sikio hilo ndilo lililotawala vyote.

Mwenye sikio waliyemwita Mama Sikio alikaa karibu na dirisha. Mguu wake ukikanyaga pedeli, macho yakiwa kwenye kola ya shati la shule, alikuwa anaweza kusema bila hata kugeuka, "Kifungo, uzi wako wa chini umelegea."

Kifungo alikuwa fundi wa cherehani ya pili, mwanamume mfupi wa duara, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Umejuaje na umenipa mgongo?"

"Cherehani yako inalia kama mtu mwenye mafua. Geuza uone."

Kifungo anageuza suruali, na kweli, upande wa chini nyuzi zimejaa vitanzi. "Wanasema sikio halilali njaa," analalamika huku akitafuta wembe wa kufumulia. "La kwako linashiba mpaka linabeba na kupeleka nyumbani."

Mama Sikio mwenyewe hakuona ajabu. Aliingia kwenye kazi hiyo akiwa msichana aliyetoka darasa la saba, akafundishwa na mama yake mdogo, mtu asiye na subira ya kueleza jambo mara mbili. "Usinitazame mdomo," mama mdogo alikuwa akimwambia. "Isikilize mashine. Mashine haina aibu, inasema ukweli palepale." Akaisikiliza. Baada ya miaka ishirini na sita alijua kwa mlio tu sindano iliyo butu, mkanda uliolegea, mahali palipokosa tone la mafuta. Na nyuma ya sikio hilohilo la kulia ndipo penseli yake ilipokaa, asubuhi hadi jioni. Siku moja aliingia nayo bafuni, akatoka nayo, akashangaa watu wanacheka nini.

Wala sikio hilo halikuwa la cherehani tu. Alikuwa na watoto watatu, na wote aliwalea kwa kusikiliza. Kwa mlio wa komeo alijua nani amerudi, na kwa jinsi mtoto alivyotamka "Shikamoo, mama" alijua mtihani umekwendaje. Wavulana wawili wakubwa walikuwa wameshajitegemea mbali, lakini hata kwenye simu aliwakatiza: "Mbona sauti imekauka? Hujanywa maji leo wewe."

Ila aliyemfanya aamini sikio kuliko macho ni kitindamimba, binti mwenye pumu. Mchana mmoja binti huyo, akiwa na miaka minne, alilala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na cherehani zote nne zilinguruma. Katikati ya ngurumo ile mama alisikia filimbi nyembamba, nyembamba kama uzi, na haikuwa ya mashine yoyote.

"Nyamazeni!"

Mashine zikanyamaza. Chini ya meza kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga mluzi na midomo imeshaanza kubadilika. Alimnyakua, akakimbia naye hadi zahanati bila viatu. Muuguzi aliyempokea alimwambia baadaye, mtoto akiwa ameshapumua, "Mama, ungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Sasa binti ana miaka kumi na saba, mrefu kumpita mama, na dawa yake ya kuvuta haimtoki mfukoni. Lakini mama hajaacha kusikiliza. Binti akicheka chumbani, mama anasikia kicheko, kisha anasikiliza pumzi inayofuata kicheko.

Basi penseli ilipoanza kukataa kukaa, aliona kama mlinzi wa nyumba ameanza kusinzia.

Mwanzoni ilikuwa inateleza tu. Alipopapasa nyuma ya sikio, kwenye mkunjo ule penseli inapolala, alikuta kitu kigumu kidogo kama punje ya mtama. Kilihama chini ya kidole lakini hakikuuma. Akasema moyoni, kitaondoka. Hakikuondoka. Kwa kuwa alikuwa fundi, alikipima kwa vipimo vyake: alikuwa na kopo la vifungo nyumbani, na kila baada ya majuma machache alisimama mbele ya kioo akilinganisha kwa kidole. Kikawa kifungo cha kola. Kikawa kifungo cha shati. Alianza kujifunga kitambaa kichwani kila siku, hata siku za joto, na mumewe alipouliza alimjibu kwamba ni mtindo.

"Mtindo wa wapi?" mumewe aliuliza. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole, kucha zake kila siku zilikuwa na rangi ya ukuta wa mtu.

"Wa watu wanaokwenda na wakati, baba watoto. Wewe paka ukuta."

Kilipofika kifungo cha suruali, akafanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake ndiye angelifanya. Jumapili mchana, nyumba ikiwa tupu, alichagua sindano ya mkono namba tisa, ile nyembamba ya kupindia vitambaa laini, akaichemsha mpaka maji yakakauka nusu. Akaweka vioo viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Akauma kona ya taulo, akatoboa, akaminya.

Vikatoka vitu vyeupe, vizito, kama dawa ya meno iliyosahauliwa juani, vyenye harufu ya soksi ya mwanajeshi. Akaminya mpaka kivimbe kikalala bapa. Akapapasa: hakuna. Akapapasa tena: hakuna! Alicheza peke yake katikati ya chumba huku taulo likining'inia begani, kisha, ingawa ilikuwa Jumapili na hakuwa na cha kupima, akachomeka penseli nyuma ya sikio. Ikakaa kimya kama mtoto aliyeshiba.

Majuma matatu alitembea kama mtu aliyeishinda hospitali nzima. Juma la nne kivimbe kikarudi, na kilirudi na hasira. Kilikuwa chekundu, cha moto, kinapwita, na kilikuwa kifungo cha koti. Kilisukuma sikio mbele kama mlango ulioegemezwa kiatu.

Kifungo ndiye aliyeanza.

"Mama Sikio, mbona siku hizi sikio moja linafika kazini kabla yako?"

Alimrushia kibonge cha uzi. Kikampata tumboni, mahali ambapo ilikuwa vigumu kukosa.

"Mdomo huo ungekuwa suruali ningeupiga pindo!"

Kifungo aliokota uzi, akausogeza kwenye meza yake bila kucheka. "Nakutania, dada yangu. Lakini naona unavyojikuna na kukunja uso. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda ukaonwe."

"Nionwe halafu wafanye nini? Waingize kisu kwenye sikio hili?" Sauti yake ilishuka. "Wewe ukikatwa tumbo utaishi, tena utapendeza. Mimi hili ndilo jembe langu. Likizibika hapa, nani atanisikilizia mashine? Nani atanisikilizia mtoto?"

Kifungo alirudi kwenye cherehani yake, akaanza kushona polepole.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya paa la jirani, binti alimketisha mama yake kibarazani kwenye kigoda, akaleta kitana. "Miezi mingapi hujasukwa? Leo hutoki." Na kabla mama hajapata uongo wa kutosha, kitambaa kilikuwa kimeshavuliwa.

Mama alisikia pumzi ya binti ikisita, na kwa mazoea yake akageuka upesi. "Kifua?"

"Si kifua. Mama, hiki nini?"

"Chunusi."

"Chunusi! Chunusi yenye ukubwa wa kifungo cha koti?"

Mama alishtuka kwamba mtoto naye anapima kwa vifungo. Akaanza kueleza kwamba kitapoa chenyewe, kwamba ameshawahi kusikia dawa fulani ya majani, kwamba kazi ni nyingi. Binti aliketi chini mbele yake, akamshika magoti.

"Nilipokuwa na miaka minne ulinisikia katikati ya cherehani nne. Uliniuliza kama nataka kwenda zahanati?"

"Ulikuwa mtoto."

"Hukuuliza. Ulinibeba. Sasa mimi siwezi kukubeba, una uzito wako, mashallah. Lakini kesho tunakwenda. Maana sikio la kufa..."

"Usimalizie!" mama alimaka, akijishika sikio kama vile neno lenyewe lingeingia. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, na mama akacheka mpaka kivimbe kikamuuma.

Kesho yake walikwenda hospitali. Aliyewapokea ndani alikuwa msichana aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mama alimtazama mikono. Ndivyo alivyowapima watu wote waliotaka kufanya naye kazi, na mikono ile ilikuwa na vidole virefu, vyepesi, kucha fupi, bila papara. Akasema moyoni: huyu angejua kushona matundu ya vifungo. Akakaa.

Daktari alikunja sikio mbele taratibu, akabonyeza, akamulika. "Pana kitundu cheusi kidogo hapa katikati, na pembeni kuna kovu. Mama, ulikitoboa?"

Binti aligeuka. Mama akatazama ukuta.

"Kwa kitu gani, mama?" daktari aliuliza kwa upole.

"Sindano namba tisa," alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akajitetea: "Niliichemsha!"

"Mama!" binti aling'aka.

Daktari alijizuia kucheka. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho yake. "Hili si jipu. Ni kifuko. Ngozi kidogo imejikunja kwa ndani na kujifunga, ikawa na kuta zake. Ngozi ya nje kila siku inapukutika na kwenda na maji. Hii ya ndani nayo inapukutika, lakini haina pa kwenda, kwa hiyo inajaa na kujaa. Wewe ulitoboa ukatoa vilivyomo. Kifuko chenyewe kikabaki."

Mama aliona akilini suruali zote alizowahi kurekebisha, zenye mifuko iliyotoboka au kuchoka. "Yaani nimeumwaga mfuko," alisema polepole, "lakini sijaufumua."

"Hasa. Na kikibaki hata kipande cha ukuta wake, unaweza kujaa upya. Dawa ni kuutoa wote, mzima, bila kuuchana."

"Bila kuharibu nguo."

"Bila kuharibu nguo," daktari alikubali.

Hilo mama alilielewa kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa hospitalini. Kule kazini, kutoa mfuko mzima bila kuchana suruali ndio uliokuwa mtihani wa wanagenzi, na wengi walilia. Akauliza kama ni penseli iliyoleta balaa. Daktari akasema huenda msuguano umechangia, huenda hapana. Vingine hutokea kwenye ndewe baada ya kutoga, vingine hutokea tu, havina mwenyewe. Akauliza lile la pili, akiinamisha kichwa binti asisikie, ingawa binti alikuwa amesimama hatua moja. "Si saratani?"

"Kwa kukitazama na kukishika, hapana. Hivi karibu vyote havina madhara. Lakini tukishakitoa tutakipeleka maabara, ili mimi na wewe tuwe na uhakika."

Likabaki lile la tatu, nalo ndilo lililokuwa limemleta. "Nitasikia?"

Daktari alisimama nyuma yake, akasugua vidole viwili karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha akanong'ona neno kwa mbali, na mama akalirudia bila kukosea. "Sikio hili la nje, mama, ni kama kola. Kinachosikia kiko ndani kabisa, kwenye mfupa. Mimi nitafanya kazi kwenye kola tu, tena kwa nyuma."

"Kola ikiharibika, shati halivaliki."

"Ndiyo maana nitashona vizuri."

Kwanza alipewa dawa za kupoza uvimbe, na tarehe ya kurudi baada ya majuma matatu, na onyo: asiminye, asitoboe. Kifungo aliposikia habari hizo alipita meza kwa meza akikusanya sindano zote namba tisa, akazifungia kwenye droo yake. "Daktari kaagiza," alisema. Daktari hakuwa ameagiza kitu.

Siku ya kukatwa, mumewe alimsindikiza akiwa amevaa shati lake la kwenda kwenye sherehe. Alikuwa ameogopa kuliko mgonjwa. Aliachwa kwenye benchi la nje, ameshika kitambaa cha mkewe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Chumba kilikuwa kidogo, na taa iliyoinama. Muuguzi alisukuma kimeza cha vyuma chenye magurudumu, na gurudumu moja likalia nyii, nyii, nyii mpaka kitandani.

"Hilo la nyuma kushoto lina kiu ya mafuta," mama alisema kabla hata hajalala.

Muuguzi alisimama. "Daktari, leo tumeletewa mkaguzi."

Alilala kwa ubavu wa kushoto, akafunikwa kitambaa chenye tundu, sikio peke yake likabaki nje kama mtu anayechungulia. Sindano ya ganzi ilichoma na kuwasha, machozi yakamtoka, akakumbuka sindano yake mwenyewe na kuona hana haki ya kulalamika. Baada ya dakika chache sikio likawa kama la mtu mwingine. Lakini alikuwa anasikia, na kazi yote ilifanyika palepale mlangoni pa kusikia kwake. Mkasi ulikuwa mdogo, mkali.

"Mkasi wako mzuri, mwanangu," alisema chini ya kitambaa. "Unakata bila kutafuna."

"Asante, mama. Usitikise kichwa."

Pakawa kimya, kimya cha mtu aliyefika kwenye kona ngumu. Alikijua kimya hicho. "Umekwama?"

"Sijakwama. Hapa ulipotoboa pameshikana na ngozi."

"Nisamehe." Akavumilia kidogo, kisha akashindwa. "Usiuvute. Mfuko ukigandamana na nguo unauanzia pembeni, palipolegea, unauzunguka. Ukivuta katikati umechana."

Muuguzi alikohoa kicheko. "Ndivyo ninavyofanya, mama," daktari alisema. "Pembeni, palipolegea. Nauzunguka." Na kwa muda mrefu mama alisikia tu ncha za mkasi zikifunguka na kufumba, taratibu, zikitenganisha bila kukata. Halafu kitu kikadondoka kwenye bakuli la chuma.

"Mzima," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Nionyeshe."

Bakuli likaletwa mbele ya macho yake. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, mviringo, kama njugu iliyomenywa, na juu yake kipande kidogo cha ngozi chenye kitundu cheusi.

"Haujachanika popote?"

"Popote."

"Na pembe zote zimetoka?"

"Zote, mama."

Alivuta pumzi. "Kwetu, mwanagenzi akifika hapo anaruhusiwa kushona kola."

"Basi naanza kola yako," daktari alisema, akashona mishono mitano. Mama aliihesabu kwa kusikia uzi ukipita, na alijizuia mpaka wa nne. "Usikaze sana. Itakunja."

Walimfunga bandeji kubwa iliyozunguka kichwa, pamba tele upande wa kulia. Maagizo yalikuwa machache: asiilowanishe, asiilalie, arudi baada ya siku saba kutolewa nyuzi. Na penseli isiguse upande huo kwa muda. Mumewe alipomwona mlangoni alisimama ghafla, kitambaa kikaanguka. "Wamekuachia kichwa?"

"Wamekiacha, tena kina akili kuliko asubuhi. Twende."

Alifurahi siku hiyo na ya pili. Siku ya tatu ganzi ilikuwa imeshasahaulika na maumivu yalikuwa kidogo tu, akaenda kazini kwa kuwa kukaa nyumbani kulimchosha. "Kwa kweli leo umetia pamba masikioni," Kifungo alisema, na wote wakacheka. Lakini cherehani zilipoanza, moyo wake ulizama. Alizisikia kama zimefunikwa godoro. Alijiambia ni bandeji. Alikaa upande, akageuza sikio la kushoto, haikuwa sawa. Mlio ulikuja bila kumwambia unatoka wapi.

Mchana, akitafuta mkasi, alikuta nyuma ya kiti cha Kifungo suruali mbili zimefumuliwa. Alizigeuza. Mabaki ya uzi wa chini yalikuwa na vitanzi, vitanzi, vitanzi. Cherehani ya Kifungo ilikuwa imelia asubuhi nzima karibu yake naye hakusikia, na Kifungo, mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa amefumua kimyakimya asimwambie. Alizirudisha pale zilipokuwa. Utani wote wa miaka mingi haukuwahi kumuuma kama huruma ile.

Kuanzia hapo alimfanya mumewe awe maabara. Kila jioni alikaa akimpa mgongo, mumewe amesimama na pini.

"Haya, angusha."

Kimya.

"Nimesikia!" alisema mama.

"Bado sijaangusha."

"Basi angusha."

Kimya kingine, kirefu. "Angusha basi, baba watoto!"

"Nimeshaangusha."

Mama alishika kifua. Sakafu ilikuwa ya saruji. Pini ikianguka pale angeisikia akiwa jikoni. "Imeangukia wapi?"

Walitafuta wote watatu kwa magoti. Binti ndiye aliyeiona, imesimama wima kwenye kandambili ya baba yake, na baba alikuwa hajahisi kwa unene wa nyayo za mpanda ngazi. Binti alicheka mpaka akahitaji dawa yake ya kuvuta. Mama alicheka nao, lakini hakika hakuipata. Alilala akisikiliza kwa sikio moja.

Siku ya saba ikafika. Daktari alifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, akatoa pamba, na hewa ya chumba ikaligusa sikio. "Safi," alisema. "Muuguzi, niletee kimeza nitoe nyuzi."

Mama alikaza mwili. Huu ndio ulikuwa mtihani wake, alioupanga juma zima bila kumwambia mtu: lile gurudumu la nyuma kushoto. Alifumba macho. Akasubiri nyii ya kwanza. Alipofumbua, kimeza kilikuwa kimeshafika ubavuni mwake, vyuma vimepangwa, na yeye hakuwa amesikia kitu.

Machozi yakamshuka palepale.

"Mama, panauma?" daktari aliuliza.

"Limekwenda," alisema. "Sikio langu limekwenda. Sijalisikia gurudumu. Siku ile lilikuwa linalia nyii, nyii, nililisikia kutoka mlangoni, leo limepita hapa hapa..."

Muuguzi aliweka mikono kiunoni. "Mama wewe! Si ulisema lina kiu? Nilimwita fundi siku ileile akalitia mafuta. Chumba kizima kinakushukuru, na wewe unalia?"

Mama alimtazama, machozi yamesimama mashavuni hayajui yaende wapi. Muuguzi, ili kumaliza ubishi, alichukua sindano tupu na bakuli kutoka kwenye kimeza, akaenda nyuma yake mpaka kwenye kona, akaiachia kwenye bakuli. *Ting.* Mama aliruka.

"Kona ya kulia," alisema. "Bakuli lenyewe lina ufa."

Muuguzi aliinua bakuli kwenye taa, akalizungusha. Chini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Wakacheka mpaka mgonjwa aliyefuata akachungulia mlangoni kuuliza kama hapa ndipo wanapokata. Daktari alitoa nyuzi tano huku akimwambia majibu ya maabara: ni kifuko tu, hakina madhara, kimetoka chote. Kisha akampa vioo viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Mshono ulikuwa umelala ndani ya mkunjo, mwembamba, haukukunja popote. Mama aliukagua kwa muda.

"Ukichoka na hospitali," alisema hatimaye, "nina cherehani ya nne, haina mtu wa kudumu."

Alirudi kazini moja kwa moja, kichwa wazi, bila kitambaa. Aliingia bila kusalimu kwanza, akasimama katikati ya chumba na kuzisikiliza mashine zikinguruma, kila moja mahali pake, kila moja na sauti yake. Waliokuwa wanashona walimtazama, wakaendelea. Alikaa dirishani, akavuta shati la shule, akachukua penseli. Mkono ulikwenda kulia kwa mazoea, akaukatiza njiani, akaichomeka kushoto. Sikio la kushoto halikuwa limefundishwa. Penseli ikateleza, ikaanguka, ikabingirika chini ya meza katikati ya kelele zote.

Hakuinama. "Kifungo, iko kwako. Mguu wa nyuma, imegota ukutani."

Kifungo alisimamisha mashine. Ilimchukua muda kuinama, tumbo likiwa na maoni yake, kisha akatokeza na penseli mkononi, uso umejaa vumbi na meno.

"Na ukishakaa vizuri," mama alisema, akiwa ameshageukia kola yake, "kaza uzi wako wa chini. Umelegea."

"Najua," alisema Kifungo. "Nimeulegeza mwenyewe tangu asubuhi, nakusubiri." Akapangusa penseli kwenye shati lake na kumrudishia kwa mikono miwili. "Karibu kazini, dada. Nilikuwa nimechoka kufumua peke yangu."